Dripu Isiyoshuka

"Nusa mwenyewe, Inspekta! Nusa!"

Kamaliza aliisukuma ile chupa mpaka puani pa Sindayigaya. Sindayigaya alikuwa mpelelezi wa polisi kwao Ngozi, Burundi, kabla vita havijamtupa Malawi, na alidhani hakuna kitu kitokacho kwenye mwili wa binadamu ambacho hajakiona. Alirudi nyuma. Ndani ya chupa ya mafuta ya kupikia, iliyozibwa kwa gunzi la muhindi, mlikuwa na mkojo. Haukuwa wa manjano, wala haukuwa mwekundu kama wa mtu mwenye kichocho. Ulikuwa mweusi kama soda ya kola.

"Njo mukojo ya kaka yangu," Kamaliza alisema, kwa Kiswahili cha kambini ambamo "njo" ni "ndiyo", akigeuka ili kila mtu aone. "Ilitoka mbele ya kumupeleka hospitali Lilongwe. Miguu haiinuki, mikono haiinuki, hata shingo! Na alikunywa wapi? Hapa! Kwa huyu mwanamuke!"

Umati ukaguna. Ulikuwa umejaa mbele ya nyumba ya Thacienne, mjane wa Kirundi anayepika impeke, pombe ya mtama inayovutwa kwa mrija, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Baridi ya Juni ilikuwa inauma, lakini vijana walikuwa wamevua majaketi, na mtu anayevua jaketi wakati wa baridi hajaja kusalimia. Mgonjwa mwenyewe, Nzabonimana, Mnyarwanda muuza mitumba anayejulikana kambi nzima, alikuwa amekunywa impeke hapo Jumapili alasiri. Jumanne hakuweza kutoka kitandani. Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi.

"Nipe hiyo chupa," Sindayigaya alisema.

Kamaliza alimpa, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akabeba unga na kuni alizozifuata nyumbani, na kwenda barabarani kutafuta matola, yaani gari lolote la mizigo linalopakia watu, limrudishe mjini kwa kaka yake. Moto alikuwa ameshauwasha. Hakuhitaji kubaki kuupulizia.

Mwenyekiti wa eneo lile, mzee Nizigiyimana, alimvuta Sindayigaya pembeni.

"Inspekta, mi sina nguvu ya kushika hawa batoto. Jua likizama na bado hatujue nani alitia sumu, batabomoa nyumba. Na Mama Izere iko ndani, na mutoto wake."

"Polisi wa kituo?"

"Biko bawili na baiskeli moja. Baiskeli imepasuka."

Sindayigaya hakuwa na cheo Dzaleka, wala mshahara. Alikuwa na jina tu, na watu walilitumia kama jembe la kuazima. Aliinama akaingia ndani.

Thacienne, ambaye wote walimwita Mama Izere, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, binti yake amelala mapajani. Hakuwa analia. Alionekana kama mtu aliyepigwa kibao na bado anasikiliza mlio wake.

"Jumapili nani alianza kunywa?" Sindayigaya aliuliza.

"We unajua desturi, Inspekta. Mwenye nyumba anatangulia. Nilivuta mimi, bakaona, njo bakavuta bao."

"Chungu kimoja?"

"Kimoja. Hakikutoka pale katikati."

"Na mirija?"

"Kila mutu na wake. Nzabonimana anatembeaka na wake ndani ya koti. Hata kanisani iko nao. Hakuna mutu anagusa ule murija, hata kwa bahati mubaya. Anaogopa barozi, bale bachawi ba sumu, huyo baba, weee!"

"Nani mwingine alikunywa?"

Thacienne alinyoosha kidole mlangoni. "Mwenyekiti. Muulize kama alikufa."

Sindayigaya alitoka. Mwenyekiti aliangalia chini, akakohoa, akajikuna sikio.

"Kweli, nilikunywa," alisema kwa sauti ndogo. "Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Basi, sana."

"Na hukuumwa?"

"Kichwa tu. Lakini kile ni cha kila Jumatatu."

"Mzee, nisikilize vizuri. Nzabonimana alipofika kwenye impeke, alikuwa mzima? Usinijibu haraka."

Nizigiyimana alifungua mdomo kusema ndiyo, akaufunga. Sindayigaya alikuwa na kipaji kimoja tu kilichozidi cha watu wengine: alijua kunyamaza. Akanyamaza.

"Asubuhi, kanisani," mzee alisema polepole. "Tulipiga magoti. Batu bote bakainuka, yeye akabaki chini. Nilimushika kwapa nikamuinua. Akaniambia, mapaja inaniuma kama nililima shamba ya mutu." Akamgeukia Sindayigaya. "Yesu. Ile ilikuwa mbele ya impeke."

"Kabla ya impeke," Sindayigaya alirudia.

Kumbe pombe ilisingiziwa. Maumivu yalitangulia chungu. Lakini jambo hilo lilimwokoa Thacienne kichwani mwa mpelelezi tu, si mbele ya vijana waliovua majaketi. Watu wenye hasira hawali hoja, wanataka mtu. Na kama si chungu, basi nini? Mrija? Mrija haukuguswa na yeyote nje ya nyumba ya Nzabonimana. Na nyumba ya Nzabonimana ilikuwa na watu wawili tu: yeye na dada yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sindayigaya hakulisema neno hilo, ila alilibeba mpaka kwenye zahanati ya kambi.

Muuguzi Spès, Mrundi mwenzake, alikuwa anachemsha sindano. Aliitazama chupa, akaiweka dirishani penye mwanga, na uso wake ukabadilika.

"Hii si damu," alisema. "Damu ingetulia chini. Sijawahi kuona, Inspekta. Naapa sijawahi."

"Alikuja hapa?"

"Wiki iliyopita. Kifua. Penisilini inamvimbisha uso, kwa hiyo tukampa erithromaisini, vidonge mara nne kwa siku. Nakumbuka kwa sababu ya matata yake. Alikataa nimuhesabie kutoka kwa kopo lililofunguliwa. Akataka jipya, nilifungue mbele ya macho yake. Nikamwambia, baba, hapa si kwenye duka la mukate! Lakini nikafungua."

"Ulimuuliza kama anameza dawa nyingine?"

"Nauliza kila mtu. Alisema hapana." Spès alikunja paji la uso. "Kwanza alimuangalia dada yake. Halafu ndiyo akasema hapana."

Sindayigaya alimshukuru, akafunga chupa kwenye gazeti na kwenda barabarani. Alipanda matola iliyopakia mbuzi na mabua ya tumbaku, akashuka Lilongwe jua likiwa limeshavuka utosi, ananuka vyote viwili.

*

Daktari wa wodi ya wanaume aliitwa Chirambo. Alikuwa Mmalawi wa kaskazini aliyesomea udaktari Dar es Salaam, na alifurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili hata kama habari yenyewe ilikuwa ya msiba.

"Karibu, bwana. Mgonjwa wako ananitoa jasho. Damu yake inaonyesha misuli inavunjikavunjika. Ile nyama ya mapaja, ya mabega, inamomonyoka na kuingia kwenye damu. Ndiyo inayofanya mkojo uwe mweusi. Uchafu huo unaziba figo."

"Inamomonyoka?" Sindayigaya aliuliza. "Mtu akiwa hai?"

"Akiwa hai. Nimeona kwa watu walioangukiwa na ukuta, na mmoja aliyepigwa sana. Huyu amepigwa?"

"Hapana."

"Nami sikuona jeraha. Nyoka?"

"Hakuna."

"Basi ni kitu alichomeza. Nimemuuliza kwa kila namna. Anasema hamezi chochote ila vidonge vya kifua, na hivyo vilikwisha jana."

Nzabonimana alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Lilikuwa jitu la mtu, mabega ya kubebea marobota, lakini sasa aliinua mkono wake wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Juu yake ilining'inia chupa ya dripu, imejaa mpaka shingoni.

"Inspekta," alinong'ona. "Unaona? Baliniweza."

"Nani?"

"Batu."

"Batu gani?"

"Kama ningebajua, bangeniweza?"

Jibu zuri, Sindayigaya alifikiri, kwa mtu anayekufa. Akavuta kigoda.

"Nzabonimana, unameza dawa gani?"

"Hakuna."

"Hapa hakuna mtu. Dawa gani?"

Macho ya mgonjwa yalikwenda mlangoni, yakarudi. "Hakuna, nimesema."

"Kunywa maji basi, midomo inapasuka." Sindayigaya alichukua kikombe kilichokuwa juu ya kabati.

"Toa!" Lile jitu lisiloweza kuinua mkono lilipata nguvu ya kugeuza uso. "Sijue nani alichota. Nitakunywa ya Kamaliza. Akitengeneza Kamaliza."

Sindayigaya alirudisha kikombe. Alipotoka alimkuta muuguzi wa wodi analalamika kwa daktari kwa Kichewa, akionyesha ile dripu.

"Anasema nini?"

"Anasema dripu ya huyu ina visirani. Jana usiku haikushuka, juzi haikushuka. Leo asubuhi imeshuka vizuri sana, hata mkojo kidogo ukatoka, mpaka nikapata moyo. Sasa imegoma tena. Labda mshipa."

"Leo asubuhi," Sindayigaya alisema. "Na dada yake alirudi saa ngapi?"

"Dada yake? Kabla ya chakula cha mchana. Kwa nini?"

Sindayigaya alikuwa ameshaelekea nje. Asubuhi Kamaliza alikuwa Dzaleka akinusisha watu chupa. Asubuhi dripu ilishuka.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na kibanda ambapo ndugu wa wagonjwa huwapikia watu wao. Moshi ulikuwa mwingi, na sufuria zilikuwa nyingi kuliko mafiga. Sindayigaya alisimama nyuma ya nguzo, mahali pa kuona bila kuonwa. Kamaliza alikuwa anakoroga uji. Alikoroga kwa upole, akapuliza, akachota kijiko kimoja akaonja, kama desturi inavyotaka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha aliangalia kushoto na kulia, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa vidonge viwili, akavisaga kwa mgongo wa kijiko na kuvimwaga kwenye uji.

Akakoroga. Hakuonja tena.

Katika miaka yote ile ya upelelezi Sindayigaya aliwahi kuona waume, wake na wana waliotia sumu. Dada hakuwahi kumwona. Alitoka nyuma ya nguzo akamkamata kifundo cha mkono, uji ukamwagikia moto.

"Unampa nini?"

Kamaliza alipiga yowe. Wanawake wote waliinuka na miko yao.

"Achia! Achia, we Murundi! Hata wewe uko nao!"

"Unampa nini, Kamaliza?"

"Dawa yake!" alilia. "Njo dawa yake! Njo inamuchunga! Bila ile angekuwa amekwisha kufa!"

*

Daktari Chirambo alikigeuza kipande cha karatasi ya bati ya vidonge kilichotoka kwenye fundo la Kamaliza, kimebaki na vidonge vitatu. Alisoma maandishi madogo ya nyuma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena.

"Lovastatin," alisema. "Mungu wangu. Imefikaje hapa? Hii mimi naijua vitabuni tu."

Kamaliza alikuwa amekaa sakafuni ofisini, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Alisema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Kaka yake alishikwa na ugonjwa wa moyo huko Nairobi, walipokimbilia kwanza. Daktari wa kule alisema damu yake ina mafuta mengi, akampa vidonge, kimoja kila jioni, asikose. Dereva wa malori, rafiki wa zamani, alikuwa anamletea. Na kaka mtu alimwapisha: asijue mtu yeyote.

"Kwa nini?" daktari aliuliza. "Kwa nini ufiche dawa? Na mimi ni daktari!"

Sindayigaya ndiye aliyejibu, kwa sababu alikulia na woga uleule. "Kwetu, daktari, adui akijua dawa yako, anajua pa kukupigia. Ukiumwa unasema malaria. Ukimeza dawa unageukia ukutani. Mama yangu alikufa na ugonjwa ambao mpaka leo sijui jina lake."

Chirambo alikaa. Alionekana amechoka ghafla.

"Sikilizeni. Dawa hii si sumu. Inazuia mafuta yasizibe mishipa, na huko ilikotoka imewasaidia watu wengi wenye moyo mbovu. Wengi wanaimeza bila shida yoyote. Wachache misuli inawauma, na kwa wachache zaidi inakuwa hivi. Ndiyo maana mtu akiimeza huambiwa: misuli ikianza kuuma bila sababu, mkojo ukiwa mweusi, acha kidonge na ukimbie kwa daktari siku hiyohiyo. Na muhimu kuliko yote, kila anayekupa dawa nyingine ajue. Ile erithromaisini ya kifua inalizuia ini lisiiondoe hii mwilini. Ni kama kuziba tundu la beseni na bomba liko wazi. Kila jioni alimeza kimoja, na kila jioni kikalala juu ya cha jana."

"Viwili," Sindayigaya alisema. "Leo aliweka viwili."

Daktari alimgeukia Kamaliza. Kamaliza aliangalia viganja vyake.

"Alipoanza kuumwa nikasema, barozi bako na nguvu, basi na dawa iongezwe nguvu. Kutoka Jumatatu ninaweka mbili."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha chuma kwenye korido, na kelele ile iliwapasua wote masikio.

"Na tiba yake?" Sindayigaya aliuliza hatimaye.

"Kuacha kidonge. Hatua ya kwanza. Ya pili ni maji, maji mengi sana, yasukume ule uchafu nje kabla figo hazijafunga. Ndiyo maana nilimwekea..." Chirambo alinyamaza, kwa sababu Sindayigaya alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Kamaliza.

"Dada yangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ile seromu, chupa ya dripu pale kitandani. Ni wewe?"

Kamaliza alimtazama bila kuelewa kosa liko wapi.

"Nilifunga ile gurudumu ndogo iko kwenye mupira ya maji. Banesi bakitoka, ninafunga. Bakija, ninafungua kidogo. Ninalala na mukono yangu pale." Sauti yake ilikuwa bado na fahari kidogo, na hiyo fahari ndiyo iliyomtisha Sindayigaya kuliko yote. "Maji ya batu sibajue, inaingia moja kwa moja ndani ya damu, haina hata mutu aliyeonja! Nani anaweza kuonja seromu? Nilimuchunga, Inspekta. Sikulala. Na maji ya kukunywa ya hapa nilimukataza pia."

Chirambo aliondoka mbio. Walimsikia akiita wauguzi kabla hajafika wodini, na miguu ikikimbia, na chupa mpya zikigongana.

Kamaliza alimtazama Sindayigaya, akatazama mlango uliobaki wazi, akamtazama tena. Aliona polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayetambua maiti.

"Mi," alisema mwishoni. "Mi njo..."

"Hajafa," Sindayigaya alisema.

"Mi njo ninamuua."

"Hajafa. Simama." Alijishangaa ukali wake mwenyewe, lakini jua lilikuwa limeshaanza kushuka kwenye dirisha la daktari na hakuwa na muda wa kuwa mpole. "Wewe humuoni leo, daktari hataruhusu. Na Dzaleka kuna mwanamke anasubiri kubomolewa nyumba akiwa ndani na mtoto. Mimi nikisema, watasema Mrundi anamtetea Mrundi. Wewe uliwasha. Utanisaidia kuzima?"

Kamaliza aliinuka kwa kushika ukuta. Alipita mlangoni mwa wodi bila kuingia. Kaka yake alikuwa amezungukwa na makoti meupe, na dripu ilikuwa inadondoka haraka, tone juu ya tone. Daktari Chirambo aliinua kichwa.

"Atapona?" Sindayigaya alimuuliza.

"Niulize kesho. Mashine ya kusafisha damu sina. Nina maji, na nina figo zake, kama bado anazo."

*

Walifika Dzaleka kwenye gari la msamaria wa kanisa, jua likiwa limebaki ukingoni mwa mlima. Mpelelezi aliona kabla ya kushuka: upande mmoja wa paa la Thacienne ulikuwa umeng'olewa, nyasi zimetapakaa uwanjani, na vijana wawili walikuwa juu ya ukuta wakivuta nguzo. Alikuwa amewahi kumwokoa mtu, si nyumba.

"Simameni!" Sindayigaya alipaza sauti. "Huyu hapa dada wa mgonjwa. Ana neno."

Waligeuka. Walipomwona Kamaliza walimfungulia njia kama bibi harusi, maana yeye ndiye aliyewaita. Mmoja alimpigia makofi.

Kamaliza alisimama katikati ya nyasi. Alikuwa na sauti ya kuuza nguo sokoni, lakini sasa walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Mama Izere hakufanya kitu," alisema. "Impeke haikuwa na kitu. Kaka yangu alikuwa na dawa ya siri, na dawa ya dispanseri ikapigana na ile. Mi njo nilikuwa ninamupa. Alipokuwa anaumwa nikaongeza. Bakamuwekea maji ya kumuponya, mi nikaifunga." Akapumua. "Hakuna murozi. Ni mi. Kama akifa, ni mi."

Sindayigaya alishusha pumzi. Alikuwa amefikiri njiani kila kitakachotokea: watakataa kuamini, watamcheka, watamwomba Thacienne msamaha, watarudi kwao wakiona haya. Alijiandaa kwa hayo yote.

"Basi we njo murozi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Amesema mwenyewe! Mumesikia!"

"Kaka yake wa tumbo moja!"

Jiwe la kwanza lilipita juu ya bega la Kamaliza likagonga ukuta. Hakulikwepa. La pili lilimpata paji la uso, na alilipokea kama mtu anayelipwa haki yake, mikono imelegea, bila hata kufumba macho. Wale wale waliokuja kumlilia Nzabonimana. Sindayigaya alijitupa mbele akapiga kelele, lakini ilikuwa sauti moja kati ya sitini.

Mlango wa bati ulifunguka nyuma yao. Thacienne alitoka bila kitambaa kichwani, vumbi la paa lake limemjaa nywele. Hakumwangalia mtu. Alitembea mpaka kwa Kamaliza, akamshika mkono palepale ambapo mawe yalikuwa yanapita, na kumvuta. Kamaliza alisita, miguu haikutaka.

"Ingia," Thacienne alisema.

"Mi nilibaita bakuue."

"Najua. Nilikuwa ndani, nilisikia yote. Ingia, unatoka damu."

Mlangoni aligeuka, na mara hiyo aliwatazama.

"Huyu ni mugeni yangu. Analala hapa. Munataka kumaliza nyumba, malizieni. Lakini mugeni yangu hamumugusi."

Akaingia, bati likajifunga. Ndani ya nyumba isiyo na paa zima, mtoto aliuliza kitu kwa Kirundi na akajibiwa kwa sauti ya chini.

Vijana walibaki wakitazamana. Kufukuza mchawi ni jambo moja; kugusa mgeni wa mtu ndani ya nyumba yake, hata kwao walikotoka, hata vitani, lilikuwa jambo ambalo mama zao waliwakataza kabla hawajajua kutembea. Waliokuwa ukutani walishuka. Mmoja alianza kuokota nyasi, kisha akaona aibu akaziacha, kisha akaziokota tena.

Sindayigaya alisimama mbele ya bati, mgongo kwenye mlango. Alimtafuta Mwenyekiti kwa macho ili wasimame wawili. Mzee Nizigiyimana alikuwa hapohapo karibu, hatua chache, mkono wake wa kulia umeinuliwa usawa wa sikio.

"Weka chini, mzee," Sindayigaya alisema.

Nizigiyimana aliutazama mkono wake. Aliliona jiwe lililokuwa ndani yake, akalitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukawa wa mtu anayejaribu kukumbuka alilichukua wapi.